Hati ya Moshi na Kifua cha Jirani



Yeyote anayefika Lubumbashi huliona dohani refu la kiwanda cha shaba kabla hajauona mnara wa kanisa. Shaba ilianza kuyeyushwa pale mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulibeba sulfuri na vumbi la madini. Moshi huo haukutawanyika sawasawa juu ya mji. Pepo za kule huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, nazo ziliusukuma kuelekea kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga. Huko miti ya miombo ilikufa, udongo ukabaki mtupu, na wataalamu wamehangaika kuotesha hata majani tu juu yake. Watu waliokaa upande mwingine wa dohani waliishi katika mji uleule na kununua unga katika soko lilelile, lakini hawakuvuta hewa ileile.

Tunaanza na habari hiyo kwa sababu ya swali tuliloulizwa na kijana mmoja katika mkutano wa kikundi, siku tulipokuwa tukizungumza juu ya kutunza uumbaji. Alikuwa amesikia kwamba katika nchi za ng'ambo kiwanda chaweza kununua haki ya kutoa moshi, na kwamba misitu yetu nayo imeingizwa katika biashara ya namna hiyo. Akauliza: "Mwalimu, je, ni halali mtu kununua ruhusa ya kuchafua?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana hatukuwa na jibu. Tulimwomba atupe muda, tukaenda kusoma. Haya ndiyo tuliyoyapata, na mwishoni tutasema wazi jinsi tunavyoona.

Bonde lililofunikwa

Mji wa Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani, umekaa ndani ya bonde. Mbele yake kuna bahari, nyuma yake milima. Upepo wa baharini huisukuma hewa kuelekea bara, milima huizuia, na mara nyingi tabaka la hewa ya joto hulala juu ya hewa baridi kama kifuniko juu ya chungu. Mwezi wa Julai 1943, wakati wa vita, moshi mzito kama ukungu uliufunika mji huo. Macho yaliwasha, koo zikakereketa, hata wengine wakadhani kwamba Wajapani wamewashambulia kwa gesi. Miaka michache baadaye mtaalamu wa kemia, Arie Haagen-Smit, alionyesha chanzo chake: mvuke wa petroli na gesi za motokari na viwanda, vikipigwa na jua, huzaa ozoni, gesi inayoumiza mapafu.

Watu wa bonde lile walijifunza kwamba hewa haiujui mpaka wa mji. Moshi unaotoka karibu na bahari asubuhi huwafikia watu wa Riverside na San Bernardino, mbali barani, mchana wa siku ileile. Kila mji ungejitungia sheria yake peke yake, ungekuwa unafagia ua wake na kuzisukuma taka kwa jirani. Kwa hiyo sheria ya jimbo ya mwaka 1976 iliunda mamlaka moja kwa bonde lote, iitwayo South Coast Air Quality Management District. Kazi yake ni kupanga usafi wa hewa kwa eneo lenye watu karibu milioni 17.

Namna ya kupanga yafaa kujulikana, maana inafanana na hesabu ya nyumba yenye busara. Kwanza, hupima hewa kwa vyombo vilivyowekwa mahali mbalimbali. Pili, huandika daftari la vyanzo vyote: viwanda, malori, meli, mitambo ya umeme, hata rangi za kupakia nyumba. Tatu, hukadiria ni kiasi gani cha moshi kipunguzwe ili hewa ifikie kipimo ambacho sheria inakitaka. Nne, hugawa mzigo: nani apunguze nini, na kufikia mwaka gani. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hewa nayo ni mali ya wote, na daftari lake likikosekana, hupotea vivyo hivyo.

Soko la moshi

Ugomvi mkubwa huja katika hatua ile ya nne, kugawa mzigo. Mtindo wa zamani ulikuwa amri: kila kiwanda kifunge chombo fulani cha kusafisha moshi kabla ya tarehe fulani. Wachumi walipinga wakisema kwamba amri ya namna moja hugharimu mno. Hoja yao si ya kijinga, basi tuieleze kwa haki.

Tuseme kuna viwanda viwili, na kila kimoja kimeagizwa kupunguza tani 10 za moshi. Cha kwanza chaweza kupunguza kwa dola 1,000 kwa tani, lakini cha pili, kwa kuwa mitambo yake ni migumu kubadilishwa, kitatumia dola 5,000 kwa tani. Jumla ya gharama itakuwa dola 60,000. Lakini kama cha kwanza kikipunguza tani zote 20, gharama itakuwa dola 20,000 tu, na hewa itakuwa imesafishwa kwa kiasi kilekile. Cha pili kikimlipa mwenzake dola 2,000 kwa kila tani kati ya zile 10, wote wawili watafaidika. Hilo ndilo wazo la soko la moshi. Serikali huweka kikomo cha jumla na kutoa hati zinazolingana nacho. Anayepunguza zaidi ya wajibu wake huuza hati zilizobaki, na anayeshindwa hununua.

Wazo hilo limewahi kufaulu. Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya kupunguza sulfuri kutoka katika mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe, sulfuri iliyokuwa ikirudi kama mvua ya asidi na kuua samaki katika maziwa. Soko la hati lilianza mwaka 1995. Vipimo vilifungwa ndani ya madohani, vikihesabu saa zote, na aliyezidisha bila hati alitozwa faini ya dola 2,000 kwa tani, ambayo iliendelea kupandishwa kadiri bei za vitu zilivyopanda. Mitambo ya umeme ya nchi nzima ilitoa zaidi ya tani milioni 17 za gesi hiyo mwaka 1980. Kufikia mwaka 2010, soko likisaidiwa na sheria nyingine, zilibaki karibu tani milioni 5. Tungekuwa waongo kama tungesema kwamba hilo ni bure.

Basi mwaka 1994 mamlaka ya Los Angeles ilifungua soko lake, liitwalo RECLAIM. Viliingizwa viwanda vilivyotoa tani 4 au zaidi kwa mwaka za gesi za nitrojeni au za sulfuri. Upande wa nitrojeni pekee vilikuwa karibu 400. Hati moja iliruhusu ratili moja ya gesi kwa mwaka mmoja. Hati zingepungua mwaka hata mwaka hadi 2003. Wapangaji walikumbuka pia upepo, wakaligawa bonde sehemu mbili, pwani na bara. Kiwanda cha pwani hakikuruhusiwa kutumia hati za bara, kwa sababu moshi wa pwani husafiri kwenda bara, lakini wa bara haurudi. Hapo walitenda kwa busara.

Mahali ilipovunjika

Kosa la kwanza lilikuwa katika daftari. Hati za mwanzo zilitolewa kwa kufuata miaka ambayo kila kiwanda kilizalisha sana, na kwa hiyo zilizidi moshi uliokuwa ukitoka kweli. Bei ikawa ndogo, na viwanda vingi viliona heri kununua hati kuliko kufunga vyombo vya kusafisha. Miaka ikapita hivyo. Mwaka 2000 California ilipatwa na shida kubwa ya umeme. Mitambo ya zamani ikawashwa usiku na mchana, mahitaji ya hati yakapanda ghafula, na tani moja iliyokuwa ikiuzwa kwa maelfu machache ya dola mwaka 1999 ikafikia makumi ya maelfu. Vyombo vya kusafisha havikuwapo, maana hakuna aliyevinunua wakati wa nafuu. Mwaka 2001 mamlaka ililazimika kuitoa mitambo ya umeme katika soko na kuirudisha chini ya amri.

Kosa la pili latugusa zaidi. Sambamba na soko hilo palikuwa na kanuni nyingine: kampuni iliyonunua motokari kuukuu na kuziponda ilipewa hati kwa moshi ambao motokari hizo zisingetoa tena. Baadhi ya kampuni za mafuta zilitumia hati hizo ili zisifunge vyombo vya kunasa mvuke kwenye gati zinapopakia meli. Kwa hesabu ya bonde zima, mambo yalionekana kuwa sawa, maana ratili zilitoka hapa zikaingia pale. Lakini motokari zile zilikuwa zimetawanyika katika bonde lote, na mvuke wa mafuta, wenye benzini inayoleta saratani, ulitoka mahali pachache tu, kama Wilmington na San Pedro, mitaa ya bandarini ambako familia nyingi zina asili ya Amerika ya Kilatini na kipato kidogo. Nafuu waligawiwa watu wa bonde zima, na sumu wakaachiwa wachache. Watetezi wa mitaa hiyo walilalamika mbele ya serikali ya taifa mwaka 1997.

Hatimaye, mwaka 2017, jimbo lilitunga sheria inayodai kwamba hewa ipimwe katika mitaa yenyewe iliyolemewa, na kwamba viwanda vikubwa katika maeneo yenye hewa mbaya vifunge vyombo bora. Mwaka uleule mamlaka ya bonde iliamua kuanza kulifunga soko la RECLAIM na kurudia amri za moja kwa moja. Moshi ulikuwa umepungua katika miaka ile, lakini polepole kuliko ilivyotumainiwa.

Tunavyoona sisi

Sasa turudi kwa swali la yule kijana. Wako wanaosema upesi kwamba kuuza hati za moshi ni dhambi kwa asili yake, sawa na kuuza msamaha. Sisi hatusemi hivyo. Serikali inapoweka kikomo cha kweli, ikakishusha kila mwaka, ikapima kila dohani na kumtoza mkosaji, hati ni chombo tu cha kugawa mzigo. Na anayesema kwamba gharama si kitu hajawahi kulipa mishahara ya wafanyakazi.

Lakini chombo hicho kina mpaka wake, na mpaka huo ni kifua cha jirani. Gesi ya kaboni inapotoka Lubumbashi au London, huipasha dunia joto kwa kiasi kilekile, na kupunguza tani moja popote kwafaa kitu. Benzini sivyo. Vumbi la risasi sivyo. Moshi wa sulfuri unaoshuka juu ya mtaa mmoja hauwezi kufutwa kwa hewa safi ya mtaa mwingine. Mtoto wa Penga Penga hapumui wastani wa mji. Anapumua hewa iliyo mlangoni pa nyumba yao. Yeyote anayelipa fidia kwa watu wasioumizwa, huku aliyeumizwa akibaki na kikohozi chake, amefanya hesabu, hajafanya haki.

Mnaijua habari ya Zakayo, mtoza ushuru. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na hilo lilikuwa jema. Lakini hakuishia hapo. Aliahidi pia kuwarudishia mara nne wale wale aliowadhulumu. Alitofautisha sadaka ya jumla na deni lenye jina la mtu. Soko la moshi likisahau tofauti hiyo, hugeuka kuwa njia ya tajiri kutulia bila kubadilika.

Papa Fransisko aliyagusa mambo haya katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 171. Alionya kwamba kununua na kuuza hati za kaboni kwaweza kuzaa ulanguzi wa namna mpya usiopunguza moshi wa dunia, na kuwa hila ya kudumisha ulaji wa kupita kiasi katika baadhi ya nchi na makundi ya watu. Tusome vizuri: asema kwaweza. Onyo hilo halitutoi katika kazi ya kupima na kuchunguza. Linatutuma kuifanya.

Na sisi Wakongomani?

Jambo hili limekwisha kufika kwetu. Mwaka 2018 nchi yetu ilitia sahihi mapatano na mfuko wa misitu unaosimamiwa na Benki ya Dunia kwa ajili ya jimbo la Mai-Ndombe: hadi dola milioni 55 kwa tani milioni 11 za gesi ya kaboni zitakazozuiwa kwa kulinda msitu. Gawanyeni wenyewe: ni dola 5 kwa tani. Makampuni ya nje nayo hutafuta hati za misitu ili kujitangaza kuwa safi. Hatusemi fedha hizo zikataliwe. Kijiji kisicho na zahanati hakiwezi kudharau fedha, na msitu uliosimama ni baraka kwetu kabla haujawa hesabu ya mtu mwingine. Ila twaomba kwamba wanaotia sahihi waulizwe maswali manne, na waulizwe hadharani.

Nani aliyehesabu miti ambayo ingekatwa kama mradi usingekuwapo, na je, hakuiongeza kama vile hati za mwanzo za Los Angeles zilivyoongezwa? Je, wenye kijiji, wanaozuiwa kulima na kuchoma makala, walikubali wakiwa wanaelewa, nao watapata sehemu gani? Fedha zimeandikwa katika daftari gani, na nani aweza kulifungua? Na mnunuzi kule kwao, je, dohani lake linapungua moshi, au linaendelea kama jana juu ya vichwa vya majirani zake? Swali la mwisho huonekana kuwa mbali nasi. Lakini sisi tuliolelewa chini ya moshi wa shaba twawajibika kuwakumbuka watu wa mtaa wa bandari wasiotujua. Hati iliyouzwa kutoka msitu wetu isiwe sababu ya mtoto wao kukosa pumzi.

Wapo watakaotuambia: "Mwalimu, ninyi wenyewe mnapika kwa makala ndani ya nyumba isiyo na dirisha, mnachoma taka za plastiki nyuma ya ua, kisha mwahukumu California?" Neno hilo ni la kweli, nasi twalipokea. Moshi wa mbabula huumiza mapafu ya mama na ya mtoto mgongoni mwake, na hakuna soko la ng'ambo litakaloutoa. Anayetaka kuuliza juu ya dohani la kampuni aanze na moshi wa nyumba yake, ili apate uso wa kuuliza. Lakini asiishie hapo, maana mama mwenye mbabula hakuchagua kukosa umeme, na mwenye kiwanda alichagua kutofunga chombo.

Kwa hiyo twawapa vikundi vyenu kazi moja ya mwezi huu. Chukueni karatasi kubwa, mchore mtaa wa parokia yenu. Wekeni alama mahali pote panapotoka moshi: viwanda, tanuri za matofali, jenereta, jalala linalowaka, barabara ya malori. Kisha tazameni bendera ya shule asubuhi na jioni, mwandike upepo unaelekea wapi. Mwishowe andikeni ni nyumba za nani zilizo upande ule, na mwende kuwauliza wanaokaa humo jinsi wanavyolala usiku. Daftari hilo mlipeleke kwa paroko na kwa chifu wa mtaa. Mamlaka ya Los Angeles nayo ilianza kwa kupima na kuandika, na makosa yake makubwa yalikuja ilipoacha kutazama nyumba zilizo upande wa upepo.

Yule kijana tulimjibu hivi Jumamosi iliyofuata: mtu aweza kununua nafasi ya kugawana mzigo na wenzake, mradi mzigo wote upungue kweli, lakini hakuna anayeweza kununua pumzi ya jirani, kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kuiuza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani basi atakayekwenda kupima hewa ya mtaa wao, maana hajawahi kuona chombo cho chote hapo. Swali hilo hatukuweza kulijibu kwa maneno. Tuliandika jina lake la kwanza kwenye orodha ya watakaochora ramani.